Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maileji na Kurudishiwa Gharama za Safari za Kikazi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni na mashirika ya Nairobi ambao kazi huwatoa ofisini mara kwa mara, na pia kwa wahasibu wanaopokea madai yao. Msingi wake ni mmoja: pesa alizotumia mfanyakazi kwa safari ya mwajiri ni deni analodai, si nyongeza ya mshahara wala fadhila ya meneja. Lakini deni hilo lisipothibitishwa kwa maandishi, sheria ya kodi huligeuza kuwa mapato, na mfanyakazi huumia mara mbili, kwanza kwa kutoa pesa zake na kisha kwa kukatwa kodi juu ya kile alichorudishiwa.

Ni safari gani inayohesabiwa kuwa ya kikazi?

Ni safari unayofanya kutekeleza kazi ya mwajiri baada ya kufika kazini, au unayofanya kwenda mahali ambapo si kituo chako cha kawaida cha kazi. Mhasibu anayetoka ofisini Upper Hill kupeleka nyaraka Times Tower, fundi anayetumwa kwa mteja Eneo la Viwanda, na wakili anayekwenda Mahakama za Milimani wote wako katika safari ya kikazi.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni si ya kikazi, hata iwe ndefu kiasi gani na hata ukipitisha saa nzima katika msongamano wa Mombasa Road. Mwajiri anaweza kukupa posho ya usafiri kwa ajili ya safari hiyo, na wengi hufanya hivyo, lakini posho hiyo ni sehemu ya mshahara na hukatwa PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara, kama mshahara mwingine.

Nikienda kwa mteja moja kwa moja kutoka nyumbani bila kupitia ofisini, nidai kilomita zipi?

Hili ndilo swali linalozua mabishano mengi kuliko yote, na sera nyingi za kampuni hulinyamazia. Sheria ya Kodi ya Mapato inazungumzia matumizi yaliyofanywa kikamilifu na kwa ajili ya kazi pekee katika kuzalisha mapato ya ajira, wala haielezi jinsi ya kugawa barabara moja kati ya mkondo wa nyumbani na mkondo wa kazi. Kwa hiyo jambo hili huamuliwa na sera ya ofisi, na sera nzuri huliamua mapema.

Njia inayotumika sana ni kuondoa kilomita ambazo ungesafiri siku ya kawaida. Tuseme unaishi Ongata Rongai, ofisi yako iko Upper Hill na mteja yuko Thika. Kutoka nyumbani hadi Thika kunapita mjini, kwa hiyo kipande cha Rongai hadi mjini ungekipita hata bila ya safari ile. Unachodai ni kile kilichozidi, kwenda na kurudi. Anayeishi Ruiru na kutumwa kwa mteja yuyo huyo wa Thika hupata hesabu tofauti kabisa, kwa sababu safari yake ya kwenda Thika hailingani na ile ya kutoka ofisini. Huenda isizidi ile ya kwenda kazini kila siku, na kwa kanuni hii asiwe na cha kudai.

Baadhi ya ofisi hutumia njia ya pili, yaani kulipa umbali mfupi zaidi kati ya ule wa kutoka nyumbani na ule wa kutoka ofisini. Njia hii ni nyepesi kwa mhasibu, lakini naiona inampa pesa ya bure anayeishi jirani na mteja. Ya kwanza ina haki zaidi, mradi umbali wa nyumbani hadi ofisini wa kila mfanyakazi uandikwe mara moja kwenye faili lake na ubadilishwe anapohama nyumba. Ukiwa na tarakimu hiyo iliyokubaliwa, hakuna cha kubishania kila mwisho wa mwezi.

Kuna hali moja ambapo hakuna cha kuondoa: siku ambayo si ya kazi. Ukiitwa Jumamosi uende Machakos kumhudumia mteja, hukuwa na safari ya kwenda ofisini siku hiyo, na kilomita zote ni za kazi.

Kiwango cha malipo kwa kila kilomita kinatoka wapi?

Tangu tarehe 1 Julai 2023, kutokana na Sheria ya Fedha ya 2023, Sheria ya Kodi ya Mapato inataja kipimo waziwazi. Mfanyakazi anapolipwa posho ya kusafiri ili atekeleze kazi rasmi, kiasi kinacholingana na kiwango cha maileji kilichoidhinishwa na Automobile Association of Kenya, ambayo wengi huijua kwa jina la AA, huchukuliwa kuwa ni kurudishiwa gharama na hakiingizwi katika mapato yanayotozwa kodi. Kabla ya hapo kampuni nyingi zilikuwa zikitumia viwango vya AA kwa mazoea. Sasa mazoea hayo yana mguu wa sheria.

Viwango vya AA hupangwa kulingana na ukubwa wa injini, kwa hiyo gari lenye injini ya cc 1,300 halilipwi sawa na la cc 2,500. Mwajiri anapaswa kutumia jedwali linalotumika wakati wa safari, si nakala iliyobandikwa ukutani miaka mitatu iliyopita, na aweke nakala ya jedwali hilo pamoja na madai ili mkaguzi akija alikute.

Mfano utasaidia, na tarakimu zake nimezichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Tuseme kiwango kilichoidhinishwa kwa gari lako ni shilingi 45 kwa kilomita, na kampuni yako imeamua kulipa shilingi 50. Umekwenda Nakuru na kurudi, jumla kilomita 320. Utalipwa shilingi 16,000. Kati ya hizo, shilingi 14,400 hazitozwi kodi. Zile shilingi 1,600 zilizozidi zinaongezwa kwenye mshahara wako wa mwezi huo na kukatwa PAYE, ambayo mwajiri huiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Je, sheria inamlazimisha mwajiri kulipa kiwango cha AA?

Hapana. Sheria ya kodi inasema kiasi gani kisitozwe kodi; haimwamuru mwajiri alipe kiasi hicho. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 haiweki kiwango chochote cha kilomita. Haki yako inatoka kwenye mkataba wa ajira, sera ya kampuni, au makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Ndiyo maana ni muhimu kusoma sera kabla ya kukubali kutumia gari lako, na kuuliza kwa maandishi ikiwa sera haipo. Barua pepe moja ya meneja inayosema kiwango ni kipi ina uzito kuliko ahadi kumi za mdomo.

Mwajiri anayelipa chini ya kiwango hicho hajavunja sheria ya kodi, lakini ajue kwamba gari la mfanyakazi wake linachakaa kwa faida ya kampuni, na tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mtu mwenye mshahara.

Nikilipwa kwa kilomita, naweza pia kudai petroli?

Huwezi. Kiwango cha kilomita hujumuisha mafuta, sevisi, matairi, bima na kushuka kwa thamani ya gari. Anayedai kilomita na papo hapo akaambatisha risiti ya petroli anadai kitu kimoja mara mbili, na mhasibu makini atalikataa dai lake lote mpaka alirekebishe. Ada za barabara na maegesho ni jambo jingine; hizo hutokana na safari yenyewe, na hudaiwa kando kwa risiti.

Ukiendesha gari la kampuni, hali hugeuka: hapo unadai mafuta uliyonunua kwa pesa zako, na huna kilomita za kudai kwa sababu gari si lako.

Bei ya mafuta ikipanda katikati ya mwezi, kiwango kinabadilika?

EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, hutangaza bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila tarehe 14, nazo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kiwango chako cha kilomita hakifuati tangazo hilo kila mwezi. Hubadilika pale jedwali linapobadilishwa, au mwajiri anapoamua.

Daftari la safari linatakiwa kuwa na nini?

Tarehe, ulikotoka na ulikokwenda kwa majina yanayotambulika, sababu ya safari, usomaji wa spidomita mwanzo na mwisho, nambari ya usajili ya gari na jumla ya kilomita. Andika safari siku ileile. Madai yanayojazwa tarehe 30 kwa kukumbuka ya tarehe 3 huonekana: kilomita zote huishia na sifuri, kila safari ina urefu uleule, na sababu ni “kikao” kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Andika jina la mteja au mradi, na kazi uliyokwenda kufanya. “Westlands, kukagua hesabu za bidhaa za mteja wa mradi wa maji” inatosha. “Westlands, kazi” haitoshi.

Umbali ukitofautiana na ule wa ramani za simu, eleza. Nairobi ina njia zinazofungwa na njia zinazofurika wakati wa mvua ya masika, na mtu aliyetoka Karen akazunguka Southern Bypass kukwepa Lang'ata Road ana sababu ya haki ya kuongeza kilomita kadhaa. Neno moja kando ya tarakimu humwondolea mhasibu shaka.

Mkisafiri watatu ndani ya gari moja, mwenye gari peke yake ndiye anayedai kilomita. Abiria huandika kwenye fomu zao kwamba walibebwa na mwenzao, ili rekodi za watatu zikubaliane.

Nimepanda matatu na bodaboda na sikupewa risiti. Nifanyeje?

Dai gharama yako. Sera inayokataa nauli ya matatu kwa sababu haina risiti inawaadhibu wafanyakazi wanaoisafiria kampuni kwa bei nafuu kuliko wote, na mara nyingi ndio wale wa mshahara mdogo: tarishi, mhudumu, karani wa nyanjani. Utaratibu unaofaa ni hati ya malipo madogo, ambayo mfanyakazi huandika tarehe, njia, kiasi alicholipa na sababu, kisha msimamizi wake huisaini. Ikiwa ulilipa kwa M-Pesa, ambatisha ujumbe wenye nambari ya muamala. Kampuni iweke kikomo cha kiasi kinachoweza kudaiwa kwa hati hiyo kwa siku, na iwe na orodha ya nauli za kawaida za njia zinazotumiwa sana, ikizingatia kwamba nauli hupanda asubuhi, jioni na mvua inaponyesha. Mtu aliyelipa maradufu kwa sababu mvua ilimkuta kituo cha Ambassadeur hakufanya udanganyifu wowote.

Ukitumia teksi za programu za simu, risiti huja kwa barua pepe, ikionyesha mahali pa kuanzia na pa kuishia. Iambatishe yenyewe badala ya picha ya skrini iliyokatwa nusu.

Kwa nini mhasibu anakataa ujumbe wa M-Pesa na kutaka ankara ya eTIMS?

Kwa sababu vitu hivi viwili vinathibitisha mambo mawili tofauti. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilitoka kwako. Hauelezi ulinunua nini, wala hauonyeshi kodi. Ankara ya eTIMS, yaani ile inayopitia mfumo wa kielektroniki wa KRA, ndiyo inayomwezesha mwajiri kuhesabu matumizi hayo kama gharama halali ya biashara. Tangu tarehe 1 Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa yale yaliyoachwa nje na kanuni, kama vile mishahara na tiketi za abiria wa ndege.

Wafanyakazi wengi huchukulia dai la ankara kuwa usumbufu wa idara ya fedha. Fikiria hivi: hoteli ya Kisumu imekutoza shilingi 12,000 kwa usiku mbili na kukupa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mwajiri akikurudishia, anatoa shilingi 12,000, kisha analipa kodi ya kampuni, ambayo ni asilimia 30, juu ya kiasi hichohicho kana kwamba hakukitumia, yaani shilingi 3,600 zaidi.

Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Mwambie mhudumu wa hoteli au wa kituo cha mafuta kwamba unahitaji ankara yenye PIN ya kampuni, yaani nambari yake ya mlipa kodi, na umpe PIN hiyo kabla hajaitoa, kwa maana kuibadilisha baadaye ni kazi ndefu ambayo mhudumu wa zamu ya usiku hataifanya. Beba PIN ya kampuni kwenye simu yako kama unavyobeba nambari ya kitambulisho.

Hata hivyo, jambo hili lina mpaka. Kukosekana kwa ankara ya eTIMS kunaathiri kodi ya mwajiri. Hakufuti ukweli kwamba mfanyakazi alitumia pesa zake kwa kazi. Ukiwa Turkana na kuna mahali pamoja tu pa kulala, na mwenye mahali hapo hana mfumo huo, mwajiri anapaswa kukulipa na kubeba athari ya kodi. Yeye ndiye aliyekutuma huko.

Ada ya Nairobi Expressway na maegesho ya kaunti zinadaiwaje?

Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 na yenye urefu wa takriban kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hutoza kulingana na mahali ulipoingia na ulipotokea. Ukilipa taslimu, chukua risiti kwenye kibanda. Ukitumia kadi au kifaa kinachobandikwa kwenye kioo, unachodai ni safari iliyokatwa, si kiasi ulichoongeza kwenye akaunti. Kuongeza shilingi 3,000 si gharama ya kazi mpaka safari za kazi zizitumie.

Sera iseme ni lini barabara hiyo inaruhusiwa. Kwa maoni yangu, mfanyakazi anayewahi ndege JKIA au anayekwenda kwenye kikao chenye saa maalumu asiulizwe kwa nini alipita juu. Maegesho ya kaunti hulipwa kwa simu na huacha ujumbe wa uthibitisho wenye nambari ya gari, hiyo inatosha.

Posho ya siku nje ya kituo ni kiasi gani, na inatozwa kodi?

Kwa miaka mingi sheria iliruhusu shilingi 2,000 za kwanza kwa siku zisitozwe kodi kwa mfanyakazi aliye nje ya kituo chake cha kawaida akifanya kazi rasmi. Kiasi hicho kilikuwa kimeachwa nyuma sana na bei za hoteli. Sheria ya Fedha ya 2025 ilikipandisha hadi shilingi 10,000 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai 2025.

Watu wameelewa badiliko hilo kwa namna mbili zisizo sahihi. Wapo wanaodhani mwajiri sasa analazimika kulipa shilingi 10,000 kwa siku. Halazimiki, anaweza kulipa 4,000 au 7,000 kulingana na sera yake, na kiasi chote hicho kitakuwa nje ya kodi. Wapo pia wanaodhani kila kinachozidi 10,000 hutozwa kodi bila hoja. Sivyo, kinachozidi kinaweza kubaki nje ya kodi ikiwa kuna ushahidi kwamba kilirudisha matumizi halisi ya kazi. Aliyepewa shilingi 14,000 kwa siku akiwa Mombasa, na ana ankara za malazi na chakula zinazofika kiasi hicho, yuko salama. Asiye na ankara atakatwa kodi juu ya zile 4,000.

Hakikisha pia hudai kitu mara mbili. Ikiwa kampuni imelipa hoteli moja kwa moja pamoja na chakula cha asubuhi na jioni, posho kamili haistahili kulipwa. Sera nyingi hupunguza sehemu ya malazi na kubakiza ya matumizi madogo. Kwa watumishi wa umma, viwango vya posho hizi huwekwa kwa ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, navyo hutofautiana kwa cheo na mji. Kampuni binafsi hazifungwi na jedwali hilo, ingawa mashirika mengi hulitazama yanapopanga lao.

Je, chakula cha mchana ninapokuwa kwa mteja hapa hapa Nairobi hulipwa?

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa ungekula mchana hata ukiwa ofisini. Ukilazimika kumkirimu mteja, hiyo ni gharama ya ukarimu, inahitaji idhini ya mapema na jina la mgeni.

Nani anaamua kama nisafiri kwa gari, treni au ndege?

Mwajiri, kwa kupima gharama na muda. Chukua safari ya Mombasa. Kwa gari ni takriban kilomita 960 kwenda na kurudi. Kwa kiwango chetu cha mfano cha shilingi 50, dai litakuwa shilingi 48,000, bila kuhesabu uchovu wa dereva kati ya Voi na Mtito Andei. Nauli ya treni ya Madaraka Express ilipopandishwa Januari 2024 ilifika shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza kwa safari ya kwenda pekee. Hata ukiongeza teksi ya kufika kituo cha Syokimau na nyingine kutoka Miritini hadi mjini, treni ni nafuu mno kwa mtu mmoja. Gari huwa na maana wanapokuwa wanne, au wanapobeba vifaa, au wanapoendelea hadi Kwale na Kilifi.

Ukichagua gari lako kwa starehe yako wakati sera inasema treni, dai la haki ni nauli ya treni, si kilomita. Kwa mtazamo wa usalama, ningependa kila sera ikataze kuendesha gari usiku katika barabara kuu kwa sababu ya kuokoa posho ya siku moja.

Sina pesa za kugharimia safari nikisubiri kurudishiwa. Naruhusiwa kuomba kabla?

Ndiyo, na usione haya. Hapa ndipo ninapoona dhuluma ya kimyakimya katika ofisi nyingi za Nairobi. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 35,000 kwa mwezi anatumwa Eldoret kwa siku tatu, analipa nauli, malazi na chakula kutoka kwenye kodi yake ya nyumba, kisha dai lake linakaa wiki sita likisubiri saini. Wengine hukopa kwenye programu za simu, wakalipa riba kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, na riba hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Mwajiri kwa kweli amechukua mkopo usio na riba kutoka kwa mtu asiye na akiba.

Dawa yake ni masurufu: pesa zinazotolewa kabla ya safari, kwa makadirio yaliyosainiwa, na kutolewa hesabu baada ya kurudi. Nashauri masurufu yawe ni lazima kwa safari yoyote ya kulala nje, na kwa mfanyakazi yeyote ambaye gharama ya safari inazidi sehemu ndogo ya mshahara wake. Ikiwa pesa zinatumwa kwa M-Pesa, kampuni iongeze ada ya kutolea.

Masurufu nayo yana wajibu. Katika serikali kuu, kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 humtaka mwenye masurufu ya muda atoe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurejea kituoni, la sivyo kiasi chote kinakatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba. Kampuni binafsi nyingi zimeiga muda huo. Zikumbuke tu kwamba Sheria ya Ajira hairuhusu jumla ya makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na kwamba ni busara kupata idhini ya maandishi ya mfanyakazi wakati wa kumpa masurufu, si baada ya ugomvi.

Kampuni hunipa kiasi kilekile kila mwezi kwa ajili ya mafuta, bila kuuliza. Hiyo si rahisi zaidi?

Ni rahisi, lakini ni ghali kwako. Kiasi kisichobadilika, kinacholipwa uende safari au usiende, na kisicho na hesabu, ni posho ya kawaida na hutozwa PAYE. Posho za kawaida za fedha taslimu huingia pia katika mshahara ghafi unaokatwa ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5. Mwenye mapato yaliyo katika kiwango cha asilimia 30 akipewa shilingi 20,000 kwa njia hii, zaidi ya 5,000 huenda kwenye kodi pekee. Pesa hizohizo zikilipwa kwa kilomita zilizoandikwa, ndani ya kiwango cha AA, zingemfikia zote. Dakika mbili za kujaza daftari kila safari zina thamani hiyo.

Nikipata faini au ajali katika safari ya kikazi?

Faini ya mwendo kasi au ya kuegesha vibaya ni yako. Kazi haikukutuma uvunje sheria. Ajali ni jambo zito zaidi. Kabla ya kuanza kutumia gari lako kikazi, soma cheti chako cha bima na umwulize wakala kama matumizi ya kazi ya mwajiri yamo, kisha mpe mwajiri nakala. Kubeba bidhaa za kampuni au wenzako kwa malipo kunaweza kukutoa nje ya bima ya gari binafsi. Anayevuka Malaba au Busia kwenda Kampala ahitaji pia kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka, na ada yake ni gharama halali ya kudai. Majeraha yanayompata mfanyakazi akiwa kazini hushughulikiwa chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007, kwa hiyo ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja, hata kama gari ni lako.

Kampuni inataka niweke programu ya kufuatilia mahali nilipo ili ihesabu kilomita. Naweza kukataa?

Mahali ulipo ni data yako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwajiri akueleze anakusanya nini, kwa sababu gani na kwa muda gani. Ufuatiliaji unaoendelea usiku na Jumapili hauhitajiki ili kuhesabu kilomita za kazi. Omba programu unayoiwasha mwanzo wa safari na kuizima mwishoni, au uendelee na daftari.

Madai yawasilishwe lini, na nyaraka zihifadhiwe kwa muda gani?

Wasilisha kabla ya mwisho wa mwezi wa safari, au kwa tarehe inayotajwa na sera. Nyaraka za kodi huhifadhiwa kwa miaka 5 chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi. Risiti nyingi za vituo vya mafuta hufifia ndani ya miezi michache, kwa hiyo zipige picha siku ileile.

Sera inayompa mfanyakazi muda wa mwisho ni haki impe mwajiri muda wake pia. Siku 10 za kazi tangu dai kamili lipokelewe zinatosha kwa kampuni yoyote ya ukubwa wa kawaida.

Nimeacha kazi na madai yangu hayajalipwa. Nimepoteza?

Hujapoteza. Madai ya gharama ulizotumia ukiwa kazini hubaki deni hata baada ya mkataba kuisha, na yanapaswa kuingizwa kwenye hesabu za mwisho pamoja na mshahara na siku za likizo zilizobaki. Kabla ya kurudisha kompyuta na kufungiwa barua pepe, chukua nakala za fomu, idhini na risiti zako. Andika barua ya kudai ukitaja kila safari na kiasi chake. Mwajiri asipojibu, peleka suala kwa afisa wa kazi, au kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda wa kufungua madai yanayotokana na mkataba wa ajira ni miaka 3, na huanza kuhesabiwa tangu haki ya kudai ilipotokea, si tangu mwajiri alipoacha kupokea simu zako.